Mzee Akianguka Mara Moja, Asiachwe Aanguke Tena

Mzee aliyeanguka mara moja yumo katika hatari ya kuanguka tena. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kinaeleza kuwa kuanguka mara ya kwanza huongeza maradufu uwezekano wa kuanguka mara ya pili. Kwa hiyo mzee anapotoka idara ya dharura, jeraha likiwa limeshonwa na mkono umefungwa hogo, kazi imefika nusu tu. Kilichoumia kimetibiwa, lakini kilichomwangusha bado kipo, naye anarudi nacho nyumbani: miguu iliyoishiwa nguvu, presha inayoshuka ghafla, macho yenye ukungu, dawa zinazomlevya, au sakafu ileile ya bafu yenye utelezi.

Madhara ya kuanguka ni makubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa ajali zinazoua, kuanguka kunashika nafasi ya pili baada ya ajali za barabarani, na wanaokufa kwa wingi ni watu waliopita miaka 60. Kati ya kila watu 100 waliofikia miaka 65, 28 hadi 35 huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Wakishapita miaka 70, idadi hiyo hupanda na kuwa kati ya 32 na 42.

Wengi wao hunyamaza. Hata Marekani, ambako hospitali ni nyingi, wazee wanaomweleza daktari kwamba wameanguka hawafiki nusu. Mwingine huona aibu. Mwingine huogopa kwamba wanawe wakijua watamzuia kwenda shambani, sokoni, msikitini au kanisani. Na mara nyingi familia yenyewe hulifunga jambo kwa maneno mawili: ni uzee. Maneno hayo ndiyo kikwazo cha kwanza, kwa kuwa yanafunga mlango wa kutafuta sababu. Umri hupunguza uwezo wa mwili kujihami, lakini kila anayeanguka huwa na sababu zake, na nyingi kati ya hizo zinaweza kuondolewa au kupunguzwa.

Kwa nini mzee huanguka

Kusimama wima ni kazi ya viungo vingi kwa pamoja. Macho hutazama njia, sehemu ya ndani ya sikio hupima mwelekeo wa kichwa, nyayo na vifundo huhisi ardhi, ubongo huunganisha habari hizo zote, kisha misuli ya miguu na kiuno huurekebisha mwili kabla haujapinda mno. Kijana akijikwaa hupiga hatua ya haraka na kujishika kabla hata hajatambua kilichotokea. Kwa mzee, kila sehemu ya kazi hiyo imepungua kidogo: hisi za nyayo zimefifia, hasa akiwa na kisukari cha muda mrefu, misuli imekonda, ubongo unachelewa kutoa amri. Akijikwaa, hatua ya kumwokoa huja ikiwa imechelewa.

Ndiyo maana ni nadra kuanguka kuwa na sababu moja. Chukua mfano wa bibi anayeamka saa nane usiku kwenda chooni. Jioni alimeza dawa ya presha ya aina inayokojoza, kwa hiyo haja imembana na ana haraka. Anasimama ghafla kutoka kitandani, damu inachelewa kupanda kichwani, anaona kizunguzungu. Hawashi taa asije akawaamsha wajukuu. Jicho moja lina mtoto wa jicho. Miguuni amevaa kandambili zilizolika soli, na mlangoni mwa choo kuna maji yaliyomwagika. Akiulizwa kesho yake atasema aliteleza kwenye maji, na atakuwa amesema kweli. Hata hivyo maji hayo yangempata akiwa na taa, macho mazima na miguu yenye nguvu, huenda yasingemwangusha. Anayetaka kumkinga bibi huyo hana budi kuutazama mfululizo wote. Faida yake ni kwamba sababu moja au mbili zikiondolewa, hatari yote hupungua.

Maswali ya kuulizwa hospitalini

Katika idara ya dharura, kazi ya kwanza ni kuokoa maisha: kuangalia kichwa, shingo, nyonga, mbavu na damu inayovuja. Baada ya hapo ndipo swali la pili linapofaa kuulizwa, nalo ni kwa nini mgonjwa ameanguka. Majibu yake hupatikana kwa maswali mepesi. Alikuwa akifanya nini? Alisikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio? Anakumbuka alivyofika chini? Alikaa sakafuni kwa muda gani? Ameanguka mara ngapi katika miezi 12 iliyopita? Anatumia dawa zipi?

Mzee asiyekumbuka alivyoanguka, au aliyeanguka akiwa ameketi, huenda alizimia, na kuzimia kunadai moyo upimwe kwa mashine inayochora mapigo yake. Anayetumia dawa za kisukari apimwe sukari papo hapo, kwa sababu sukari ikishuka mno mtu hulegea, huchanganyikiwa na kuanguka. Magonjwa ya kawaida nayo hujificha nyuma ya kuanguka. Kwa mtu mwenye umri mkubwa, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa damu vinaweza kujitokeza kwanza kwa miguu kukosa nguvu, kabla ya homa au kikohozi.

Kipimo kimoja muhimu hakihitaji zaidi ya mashine ya presha. Mgonjwa hupimwa akiwa amelala, kisha hupimwa tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Ikiwa namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, kizunguzungu cha kila akisimama kimepata maelezo. Kipimo kingine ni cha mwendo. Mzee huketi kwenye kiti, huinuka, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, anahesabiwa kuwa katika hatari. Mgonjwa ambaye hawezi kuinuka na kutembea kwa namna aliyokuwa akitembea kabla ya kuanguka asirudishwe nyumbani pasipo mpango wa kumsaidia.

Familia ina sehemu yake katika uchunguzi huo. Anayemsindikiza mzee afike na mfuko wenye dawa zake zote: za kliniki, zilizonunuliwa dukani, za kienyeji, na zile alizopewa na jirani.

Yaliyothibitishwa na tafiti

Faida ya kuuliza kwa nini mgonjwa ameanguka ilionyeshwa wazi katika hospitali ya King's College, London. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, wagonjwa 397 wenye miaka 65 na zaidi waliofika idara ya dharura baada ya kuanguka waligawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipata matibabu ya kawaida. La pili, baada ya matibabu hayo, lilichunguzwa kwa kina na daktari aliyetazama macho, moyo, presha, mizani ya mwili na dawa, kisha mtaalamu akawatembelea nyumbani kukagua vyumba na kushauri marekebisho. Katika mwaka uliofuata, visa vya kuanguka vilivyoripotiwa katika kundi la kwanza vilikuwa 510. Katika kundi la pili vilikuwa 183.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2019, yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Australia uliofanyika Melbourne na Perth kwa watu wa miaka 60 hadi 90 waliotoka idara ya dharura baada ya kuanguka. Walitembelewa nyumbani, kisha wakapigiwa simu kwa miezi 6. Hawakupewa orodha ndefu ya amri. Kila mmoja alisaidiwa kuchagua la kuanzia kati ya nguvu za miguu, macho, mifupa na dawa za usingizi. Visa vya kuanguka vilipungua kwa takriban theluthi moja, na mifupa iliyovunjika ilipungua pia, ingawa safari za kurudi idara ya dharura hazikupungua. Tafiti zote mbili zinafundisha jambo moja: barua ya rufaa pekee haitoshi. Kinachobadilisha mambo ni mtu wa kufuatilia mpaka lililoshauriwa litendeke.

Siku na wiki za kwanza nyumbani

Hatari ya kwanza kuangaliwa ni kichwa. Kwa wazee, damu inaweza kuvuja taratibu chini ya fuvu na dalili zikajitokeza siku nyingi au hata wiki kadhaa baada ya kuanguka, hasa kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, maneno kumtatiza au upande mmoja wa mwili kulegea ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyohiyo. Hali kadhalika maumivu ya kinena au nyonga yanayomzuia kukanyagia mguu, hata kama picha ya kwanza haikuonyesha ufa.

Hatari ya pili ni kitanda. Kwa mapenzi mema, watoto humwambia mama apumzike, asifanye lolote, aletewe kila kitu. Lakini misuli ya mzee ikikaa bure huyeyuka upesi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza kitandani kwa siku 10 watu wenye umri mkubwa waliokuwa na afya njema. Walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Mzee aliyelazwa wiki mbili akihudumiwa kila kitu huinuka akiwa dhaifu kuliko siku aliyoanguka. Isipokuwa daktari amekataza, aketi, asimame na atembee kidogo kidogo kila siku, mtu akiwa karibu.

Hatari ya tatu ni woga. Aliyeanguka huogopa kuanguka tena, hivyo hutembea kidogo. Akitembea kidogo miguu hulegea. Miguu ikilegea huanguka kwa urahisi zaidi. Woga huo hauondoki kwa kukemewa wala kwa kufungiwa ndani. Huondoka mtu anapojiona anaweza: leo hadi mlangoni, wiki ijayo hadi kwa jirani.

Kupitia dawa upya

Dawa zinazochangia kuanguka ni zile za usingizi na za kutuliza wasiwasi, kama diazepam. Baadhi ya dawa za sonona na za magonjwa ya akili. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Dawa za presha zikizidi kipimo kinachomfaa. Na dawa za kisukari zinazoshusha sukari kwa nguvu, kama glibenclamide. Dawa kuwa nyingi kwa pamoja ni hatari yenyewe. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa wazee walioachishwa taratibu dawa za usingizi na za kutuliza akili walipunguza kuanguka kwa takriban theluthi mbili. Hata hivyo, mwezi mmoja baada ya utafiti kwisha, karibu nusu ya walioacha walikuwa wamezirudia. Kuacha dawa hizo ni kazi ya muda mrefu inayohitaji msaada.

Mtu asiziache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Diazepam iliyotumiwa kwa muda mrefu ikikatwa ghafla huleta madhara makubwa, na presha ikiachwa bila tiba huleta kiharusi. La kufanya ni kumwomba daktari au mfamasia aipitie orodha nzima na kueleza ipi bado inahitajika, ipi ipunguzwe, na ipi imezwe asubuhi badala ya jioni ili isimwamshe mtu usiku.

Kwa mwenye kizunguzungu cha kusimama, yapo mazoea yanayosaidia. Akiamka, aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe vifundo, kisha asimame akiwa ameshika kitu imara. Anayesali chini asiinuke kwa haraka kutoka sijida, na ikibidi asali ameketi kitini. Anywe maji ya kutosha, isipokuwa daktari amempimia kiasi. Mwezi wa Ramadhani, mwenye presha au kisukari aliyekwisha kuanguka azungumze na daktari kabla ya kuanza kufunga.

Nguvu za miguu na mizani ya mwili

Katika yote yaliyojaribiwa, mazoezi yana ushahidi mwingi kuliko mengine. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza visa vya kuanguka kwa karibu asilimia 23 kwa wazee wanaoishi majumbani mwao. Kutembea ni kuzuri, lakini peke yake hakutoshi; miguu inahitaji kuongezwa nguvu na mwili kufundishwa upya kujisawazisha. Mpango unaojulikana sana uliundwa katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand: mazoezi ya takriban nusu saa mara tatu kwa wiki, pamoja na kutembea mara mbili kwa wiki.

Vifaa si tatizo. Kiti imara kilichoegemezwa ukutani kinatosha. Mzee huinuka na kuketi pasipo kujisukuma kwa mikono, mara chache mwanzoni, akiongeza kadiri anavyozoea. Hushika meza na kunyanyua visigino, kisha vidole. Husimama kwa mguu mmoja sekunde 10 huku vidole vikigusa ukuta. Hutembea kisigino cha mguu mmoja kikifuata vidole vya mwingine, kandokando ya ukuta. Aliyevunjika mfupa au mwenye maumivu aonyeshwe kwanza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Manufaa hayaonekani kwa siku mbili. Huja baada ya wiki na miezi, na hutoweka mazoezi yakiachwa. Misuli haijengwi bila chakula, hivyo dagaa, maharage, mayai, maziwa au karanga ziwemo katika mlo wake, badala ya chai na mkate tu.

Macho, viatu na mkongojo

Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji mfupi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005 kwa wanawake waliopita miaka 70 ulionyesha kuwa waliowahishwa upasuaji wa jicho la kwanza walianguka kwa theluthi moja pungufu ya waliokuwa wakisubiri. Kumpeleka mzee kliniki ya macho, kwa hiyo, ni sehemu ya tiba ya kuanguka.

Kandambili na malapa yaliyolegea huteleza na kunasa. Kiatu kinachofaa kina soli nyembamba isiyoteleza, kisigino kifupi kipana, na kinashika mguu kwa nyuma. Kanga, shuka au kanzu iburutayo ipandishwe juu ya kifundo. Mkongojo nao unataka kipimo: mzee akisimama wima mikono ikining'inia, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Ncha iwe na mpira usiolika. Ikiwa mguu mmoja ndio mbovu, mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima.

Nyumba yenyewe

Ukaguzi wa nyumba huanza kwa kumfuata mzee katika safari anazozifanya kila siku, hasa ile ya kitandani hadi chooni usiku. Njia hiyo iwe na taa au tochi anayoifikia akiwa bado amelala. Pasipo choo karibu, ndoo yenye mfuniko au sufuria ya kukojolea ndani ya chumba humwepusha na giza la uani. Mikeka na mazulia yaliyokunjamana yaondolewe, nyaya zipitishwe kando ya ukuta, na ngazi za mlangoni zipakwe rangi ya kung'aa ukingoni ili zionekane.

Bafu na choo vinastahili kuangaliwa zaidi. Sakafu ikaushwe au iwekewe mkeka wa mpira unaoshika. Bomba la chuma au gogo lililozamishwa ukutani kwa saruji hutumika kama kishikio. Ndoo, taulo na mlango havifai kushikiliwa. Choo cha kuchuchumaa kinadai nguvu nyingi za mapaja, na fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kinachowekwa juu yake. Kuogea juu ya stuli pana ni salama kuliko kuoga wima. Jikoni, vitu vya kila siku vikae kati ya usawa wa kiuno na mabega, ili mzee asipande juu ya kitu kuvifikia.

Akianguka tena

Mpango mzuri hupunguza hatari, ila hauiondoi kabisa, hivyo mzee afundishwe la kufanya akiwa chini. Kwanza atulie na kujikagua. Kama hana maumivu makali, ajigeuze ubavuni, ajiinue kwa mikono na magoti, atambae hadi kwenye kiti imara, aweke viganja juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, ajisukume juu na kuketi. Kama hawezi, ajifunike asipatwe na baridi, achezeshe mikono na miguu, na aite msaada. Kulala sakafuni kwa saa nyingi huleta vidonda, upungufu wa maji na madhara ya misuli na figo. Simu ndogo iliyofungwa shingoni kwa kamba, filimbi, au makubaliano na jirani kwamba dirisha lisipofunguliwa kufikia saa moja asubuhi aje kubisha, ni kinga kwa anayeishi peke yake. Waliomkuta wasimvute kwa mikono. Wakishuku nyonga au shingo, wamwache alivyo na kutafuta usafiri na wahudumu.

Nani afuatilie

Kabla ya mzee kutoka hospitalini, mtu mmoja wa familia atajwe kuwa mfuatiliaji, kwa kuwa jambo lililoachiwa wote halina mwenyewe. Aondoke na karatasi yenye mambo manne: sababu zilizogunduliwa, dawa zilizobadilishwa, tarehe ya kurudi kliniki, na mazoezi ya kuanza nayo. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kumtembelea mzee ndani ya wiki mbili za kwanza, na hospitali isiyoweza kumtuma mtu nyumbani inaweza kupiga simu. Kila anapohudhuria kliniki baadaye, ya presha, ya kisukari au ya macho, aulizwe mambo matatu: ameanguka tangu mara ya mwisho? Anayumba anapotembea au kusimama? Anaogopa kuanguka? Jibu moja la ndiyo linatosha kuurudia uchunguzi tangu mwanzo, na mzee mwenyewe awemo katika kuamua kitakachofuata, kwa sababu miguu ni yake na nyumba ni yake.